Njia ya Kwenda Mungumi

Mwaka 1981 nilipangiwa kufundisha katika shule ya msingi moja wilayani Kondoa. Nilikuwa mmoja wa wale walioitwa walimu wa UPE. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limeagiza kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi, madarasa yakafurika kuliko walimu waliokuwapo, na vijana kama mimi, tuliomaliza darasa la saba na kufundishwa ualimu huku tukifanya kazi, tukapelekwa kuziba pengo. Mimi ni mtu wa Muheza. Nimekulia chini ya michungwa, mahali ambapo ukidondosha kokwa njiani, ukirudi msimu wa pili unakuta mche. Sasa fikiri, ndugu msomaji, mtu wa namna hiyo anashushwa na lori alfajiri katika nchi nyekundu iliyopasukapasuka, yenye makorongo ambayo basi zima lingeweza kuingia lisionekane hata paa. Nilijiuliza hawa watu wameikosea nini ardhi yao. Ilinichukua miaka kadhaa kufahamu kwamba swali langu lilikuwa la mgeni, na la mgeni mwenye kiburi.

Kitu cha pili nilichokiona, au tuseme nilichokikosa, ni ng'ombe. Nilikuwa nimeambiwa kwamba Warangi ni wakulima na wafugaji. Wakulima niliwaona, na uwele wao na mtama wao. Mazizi nayo niliyaona. Yalikuwa matupu, miba yake imekauka, na ndani yake yameota majani marefu ya kijani kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ya samadi ya zamani. Watoto walikuwa wakicheza humo kama katika nyumba ya mtu aliyehama.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwanzoni mradi ulichimba matuta ya kuzuia maji, ukaotesha miche, ukaleta matrekta. Lakini kwato ziliendelea kukanyaga na midomo iliendelea kula, na kile kilichooteshwa asubuhi kililiwa jioni. Basi mwaka 1979 ikatolewa amri: mifugo yote iondoke katika eneo lililomomonyoka zaidi, kilomita za mraba zipatazo 1,250. Mara nyingi hutajwa kwamba waliondolewa wanyama wapatao 90,000. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda walishushwa kwenda nyikani, kwa ndugu na kwa marafiki, wengine kwa watu wasiojulikana sana. Wengi hawakurudi.

Sisemi amri ile ilikuwa ya bure. Wataalamu wanaoizungumzia Kondoa husema nyasi zilirudi upesi kuliko mtu yeyote alivyotazamia, na mimi ni shahidi. Katika miaka yangu ya mwanzo pale niliona korongo likianza kuota majani kingoni kama kidonda kinachofunga. Lakini haki ni kusema pia kwamba udongo ule haukuanza kukimbia kwa sababu ya ng'ombe wa Mrangi peke yao. Kondoa ilikuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu kabla ya Wajerumani. Misafara hula, na anayeilisha hulima. Mwezi Mei 1916 majeshi ya von Lettow-Vorbeck na ya van Deventer yalipigana hapo, na majeshi nayo hula. Kisha Waingereza wakaagiza mapori yafyekwe ili kumfukuza mbung'o, halafu wao wenyewe wakaja kuwalazimisha watu wachimbe matuta ili kuuzuia udongo usiondoke. Mzee mmoja aliniambia bila kucheka kwamba maisha yake yote serikali, iwe ya nani, imekuwa ikimwonyesha namna ya kutunza kilima chake, na kila mara kwa jembe jipya.

Huyu mzee ndiye aliyenifundisha mengi kati ya haya ninayoyaandika. Sitamtaja jina, kwa kuwa wajukuu wake wapo. Watoto wa shule walimwita Babu, nami nikamwita hivyo hivyo.

Jambo la matembezi lilianza kwa somo la kuchora. Nilikuwa na darasa la nne, watoto sitini na kitu. Nikawaambia wachore mahali wanapokaa. Miaka ile dukani hakuna sabuni, sembuse karatasi na rangi, kwa hiyo walichora kwa vidole mchangani, chini ya mkwaju. Nikapita kuangalia. Wengi walikuwa wamechora mto wenye maji na mtumbwi. Mto wetu ulikuwa wa mchanga, ukipata maji siku chache kwa mwaka, na mtumbwi hakuna aliyewahi kuuona. Mwingine kachora mnazi. Mnazi, Kondoa! Waliutoa katika kitabu cha kusoma, ambamo kila kijiji kilikuwa kando ya maji na kila njia ilikuwa na minazi. Kitabu kile kilikuwa kinanielezea mimi, si wao. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu kidogo, kwa sababu hata mimi niliyewasahihisha sikujua kilima kilicho nyuma ya shule kinaitwaje.

Siku ya Jumamosi nikawachukua tukatembea.

Kutembea kwa makundi hakukuwa jambo geni kwetu Watanzania. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vijana walivuka mikoa kwa miguu kuliunga mkono, na Mwalimu Nyerere mwenyewe mwezi Oktoba mwaka huo alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka tukipangwa barabarani Muheza kuwapigia makofi watembeaji waliojaa vumbi mpaka kwenye kope. Shuleni nako tulikuwa na mchakamchaka kila asubuhi. Lakini matembezi yale yote yalikuwa na mwisho uliojulikana na wimbo wa kuyasukuma. Mtu alitembea ili afike. Watoto wangu walipoambiwa watembee polepole, wasimame wanapotaka, na waulize kila wanachokiona, walidhani ni adhabu ya aina mpya. Mmoja alianza kuhesabu moja, mbili, tatu, nne, wenzake wakaitikia kwa miguu, na kundi zima likanikimbia mpaka korongoni. Nilibaki nyuma peke yangu na filimbi.

Nilijifunza kwamba siwezi kuongoza matembezi katika nchi nisiyoijua. Nikaenda kwa Babu. Nikamsalimu, nikapewa kigoda, nikaeleza haja yangu. Aliniuliza kama nimetumwa na mradi. Nikasema la. Akauliza kama kutakuwa na karatasi ya kutia kidole gumba. Nikasema hakuna. Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema atakuja, si kwa ajili ya shule, bali kwa sababu tangu mwaka 1979 hakuwa amepita kwenye kisima alichokuwa akinyweshea ng'ombe wake, maana mtu haendi kisimani bila ng'ombe akaonekana mzima wa akili.

Basi tukaenda naye. Nikagundua kwamba kilima nilichokidhani ni kimoja kilikuwa na majina kumi na moja. Alikuwa akiyataja kwa Kirangi, watoto wakinitafsiria: Anapolala Mtamba, Mkuyu wa Wenye Kiu, Bonde Lililomshinda Mjerumani, Jiwe la Kusubiria. Kila jina lilikuwa na ng'ombe ndani yake, au ugomvi, au mvua ya mwaka fulani. Watoto walikuwa Warangi, wazazi wao Warangi, nyumba zao ziko mwendo wa dakika ishirini kutoka pale, na majina mengi walikuwa hawajapata kuyasikia. Wala si ajabu. Majina yale yalikuwa mali ya wachungaji. Mtoto huyajua kwa kutumwa na mifugo, akaambiwa leo kalishie mahali fulani, ukipotelewa mtafute fulani. Mifugo ilipoondoka, hakukuwa na sababu ya kumtuma mtoto kilimani, na miaka michache ilitosha kukifanya kilima kuwa kilima tu.

Niliporudi nilinunua daftari la kurasa tisini na sita nikaanza kuandika majina. Hadi naondoka Kondoa yalifika 63.

Rangi tulizipata njiani. Udongo wa Kondoa una wekundu wa kila namna, tangu wa tofali hadi wa ini. Upo wa njano kandokando ya makorongo, na upo mweupe. Mkaa haukosekani. Tulisaga, tukachuja kwa kitambaa, tukachanganya na utomvu wa mgunga uliolowekwa ili rangi ishike. Brashi zilikuwa miswaki iliyotafunwa ncha. Karatasi ilikuwa mifuko ya saruji, ile yenye tabaka kadhaa, tuliyoiomba palipokuwa pakijengwa. Ukibandua tabaka la ndani unapata karatasi safi ya kahawia, imara kuliko daftari lolote lililoletwa na wizara miaka ile. Mpaka leo nikinusa saruji huwaona watoto wale.

Sasa nifike kwenye Mungumi, na kwenye kosa langu.

Wanaoijua Kondoa wanajua michoro yake ya miambani. Iko katika mtelemko wa mashariki wa vilima, mahali ambapo nchi inashuka kwenda nyika ya Wamasai. Majabali makubwa yameinama yakafanya kama vibaraza, na kwenye kuta zake watu wa kale walichora. Mahali penye michoro panazidi 150. Kuna twiga, pofu na tembo, na kuna watu warefu wembamba, wenye vichwa vya ajabu kama nywele zilizotimuka au vilemba, wamechorwa kwa mistari ya rangi nyekundu iliyo myembamba kama iliyoandikwa kwa kalamu. Juu yake mara nyingi pamepakwa michoro mingine, meupe, mizito, ya kidole, ambayo huhesabiwa kuwa ya baadaye na ya wakulima wa Kibantu. Ile myekundu hunasibishwa na wawindaji, wa jamaa ya hawa Wasandawe wa wilaya ya Chemba ya leo; na mtaalamu Eric ten Raa, aliyeishi kati ya Wasandawe, aliandika mwaka 1971 kwamba uchoraji wa miambani ulikuwa haujafa kabisa kwao. Mary Leakey alipiga kambi Kolo mwaka 1951, akanakili michoro juu ya karatasi angavu siku baada ya siku, na kitabu chake kuhusu kazi hiyo kilitoka 1983. Serikali ya kikoloni ilikwisha kuyatangaza maeneo ya Kolo kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937.

Lakini katika haya yote, Mungumi wa Kolo ni jambo la pekee. Watu bado huenda kutambika. Mvua ikichelewa, mtu akiugua ugonjwa usioeleweka, wenye mamlaka ya jambo hilo hupanda pale na mnyama wa kuchinja na pombe ya nafaka. Wala Uislamu, ambao ndio dini ya Warangi wengi, haukulimaliza jambo hilo, ingawa mwalimu wa madrasa wa kijiji chetu alilisema kila Ijumaa. Kwa hiyo niliposema nataka kuwapeleka watoto Mungumi, nilikuwa natia mguu katika maji nisiyojua kina chake. Mwalimu wa madrasa aliona ninawapeleka kwenye ushirikina. Baadhi ya wazee waliona ninawapeleka bila idhini. Mkaguzi mmoja wa shule, alipopata habari, aliandika kwamba mwalimu anazurura na wanafunzi saa za kilimo cha shule. Barua ile nilijibu kwa kunukuu Elimu ya Kujitegemea, ikanyamaza.

Tulikwenda. Ulikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu ya watoto. Babu alitangulia. Tulipokaribia alituomba tukae chini, akapanda peke yake, akarudi, akasema tunaweza kuingia ila tusipige kelele.

Ndani mwanga ulikuwa mdogo na michoro ilikuwa imefifia. Nilikuwa nimeona, katika safari yangu ya kwanza peke yangu, wageni wenye kamera wakimwagia maji ukutani; michoro ikang'ara mara moja, nyekundu mbichi kama iliyopakwa jana. Nikadhani ndiyo namna ya kuiangalia. Basi nikachukua kibuyu cha maji ya kunywa ya watoto, nikarashia mwamba. Watoto wakashangilia. Twiga alitokea ukutani kama aliyeitwa. Walichora kwa furaha niliyokuwa sijaiona darasani. Nikarudia mwaka uliofuata, na uliofuata. Miaka mitatu nilimwaga maji juu ya kazi ile, na kila mara nilijiona mwalimu hodari.

Mwaka wa nne tulimkuta mlinzi. Alikuwa kijana mpole, mshahara wake mdogo, hana baiskeli. Akaniona na kibuyu mkononi. Hakunigombeza. Alinishika mkono akanipeleka pembeni, akanionyesha ukungu mweupe juu ya ukuta, upana wa sinia, mahali ambapo mimi nakumbuka alikuwapo mnyama. Akasema maji yakikauka huacha chumvi, chumvi hujijenga juu ya rangi, na mwisho rangi hubanduka. "Mwalimu," akasema, "hawa walikaa hapa bila kuoshwa." Nimewahi kukaripiwa na wakubwa wengi, lakini hakuna karipio lililoniingia kama sentensi ile.

Babu naye alikuwapo. Kumbe yeye alikuwa amejua. Nilimuuliza kwa nini hakunikataza. Akasema nilikuwa mwalimu, akadhani nimesoma jinsi ya kufanya. Kisha, kwa ukali ambao sikuuzoea kwake, akamgeukia mlinzi: mbona ninyi mnatukataza sisi na pombe yetu, na huyu mnamshika mkono? Mlinzi akajibu kwamba pombe inayorushwa ukutani inaharibu vilevile, na sheria ya mambo ya kale ni moja kwa wote. Babu akasema sheria hiyo ilikuta watu wakiomba mvua hapa. Nilisimama katikati na kibuyu changu. Wote wawili walikuwa na haki, na mimi niliyekuwa na makosa kuliko wote ndiye niliyeitwa mwalimu.

Tangu siku hiyo nilipiga marufuku maji, na nikaacha pia kunakili. Badala yake niliwageuza watoto. Wakae mlangoni mwa jabali, mgongo kwa michoro, uso kwa nchi, wachore wanachokiona kutoka pale alipokaa yule mchoraji wa kale. Sikufikiri sana; nilitaka tu mikono yao iwe mbali na ukuta. Lakini kutoka pale unaona mbali mno. Nchi inashuka chini, inakuwa buluu, nyika inatandazwa mpaka macho yanachoka. Babu akanyoosha fimbo, akasema: kule, penye ule weusi wa miti, ndiko ng'ombe wangu walikopelekwa.

Msichana mmoja, mwenye miaka kama minane, aliyezaliwa karibu na mwaka wa amri, aliangalia kule, kisha akageuka kuangalia mwamba, akauliza: "Babu, ng'ombe nao waliisha kama twiga?"

Hakuna aliyecheka. Babu alijibu kwamba twiga waliisha kwa sababu watu waliongezeka, na ng'ombe waliondoka kwa sababu watu waliamriwa, na kwamba haya ni mambo mawili. Yule mtoto akachora twiga na ng'ombe, wote wawili, wadogo sana, chini kabisa kwenye kona ya mfuko wa saruji, na sehemu yote iliyobaki akaipaka rangi ya udongo. Karatasi ile niliitunza. Panya waliila mwaka 1993.

Nataka kusema kweli kuhusu kile matembezi yale yalichofanya na kile ambacho hayakufanya. Hayakuirudisha ardhi. Ardhi ilirudishwa na kuondoka kwa mifugo, na mvua, na miti ya HADO, na kazi ya wananchi waliochimba matuta. Kuanzia 1989 wenyeji waliruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa bandani, wakikatiwa majani, na mradi wenyewe ukafikia kikomo katikati ya miaka ya 1990. Mtoto aliyechora mninga hakuuotesha mninga kwa kuuchora. Nilisikia baadaye, katika semina moja, mtu akisema kwamba sanaa inaokoa mazingira, nikajikuta nakohoa.

Kilichotokea ni kidogo zaidi. Wazazi walianza kuja. Kwanza mama mmoja, kwa kuhofia mwanawe kwenye makorongo. Kisha akina baba wawili watatu, ambao walikuja wakisema wanamsindikiza Babu, wakaanza kubishana naye juu ya majina. Huyu anasema jiwe lile linaitwa hivi, yule anasema hapana, hilo liko ng'ambo. Ubishi uliendelea vilabuni na misikitini. Watu waliokuwa hawajazungumzia mwaka 1979 isipokuwa kwa kunong'ona, au kwa matusi, sasa waliuzungumzia kwa njia ya kisima na mkuyu. Tulitundika michoro kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, kwa miba ya mgunga badala ya misumari, na watu walisimama mbele yake muda mrefu, wakionyeshana. Bibi mmoja alifuta kwa kidole kijito alichochora mjukuu wake, akakichora upya mahali pake kwa mate na udongo. Alikuwa na haki, nilikwenda kuhakikisha.

Miaka ya 1990 walikuja wataalamu wenye gari, wakawakusanya wanakijiji uwanjani wachore ramani ya kijiji ardhini kwa majivu, mawe na majani. Watu walichora vizuri sana, maana walikuwa na mazoezi. Wageni walishangaa, wakainakili kwenye karatasi kubwa, wakagawa soda na posho, wakaondoka nayo. Babu aliniuliza mara tatu ramani ile ingerudi lini. Kwa kadiri nijuavyo, haijarudi. Ndiyo maana nilisema kwamba heri mifuko ya saruji, ingawa panya nao si wema.

Babu alifariki nikiwa nimehamishiwa mkoa mwingine. Mungumi imepata heshima: mwaka 2006 michoro ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na katika maelezo yake imetajwa wazi kwamba baadhi ya mapango bado yana uhusiano na ibada za wenyeji. Nilipolisoma jambo hilo nilimkumbuka Babu na yule mlinzi wakibishana, na nikaona kwamba angalau neno la Babu limeandikwa mahali. Ubishi wenyewe kati ya tambiko na utunzaji hauishi kwa kuandikwa.

Barabara ya lami ya kutoka Dodoma hadi Babati ilifunguliwa mwaka 2018, nami nikapata ujasiri wa kurudi. Lori lililonileta mwaka 1981 lilikuwa limelala njiani mara mbili. Safari hii nilishuka Kolo kabla chai ya asubuhi haijapoa tumboni. Yule msichana wa twiga na ng'ombe alinipokea. Sasa ni mwalimu, na ni mama, na alinipa shikamoo iliyonizeesha. Bandani kwake kuna ng'ombe wawili wa maziwa, wanakatiwa majani, hawatoki. Nilimpa daftari langu, ambalo jalada lake limebaki nusu. Akalisoma palepale tumesimama, akitikisa kichwa mara kwa mara, akasema mwandiko wangu ulikuwa mbaya hata wakati ule.

Tukaenda kilimani na watoto wake na wa jirani, pamoja na kalamu ya risasi ya kuweka alama. Miti imesonga kiasi kwamba mimi nisingeijua njia. Katika majina 63, siku mbili zilitupatia 41. Mengine ama miti imeyafunika, ama korongo limekula mahali penyewe, ama aliyeyajua ameondoka nayo. Jiwe la Kusubiria lipo, na watoto walikaa juu yake bila kuambiwa. Anapolala Mtamba ni shamba la alizeti. Mkuyu wa Wenye Kiu tuliutafuta mchana kutwa, tukapita mahali pake mara mbili, mpaka mwanawe mdogo alipojikwaa kwenye kisiki kilichofunikwa na majani, akaanguka, akalia. Mama yake akampangusa goti, akafungua daftari, akaandika pembeni ya jina: kisiki, maji yapo chini, hatua kumi kuelekea magharibi.